Baba wa Kuazima

"Kwani ulienda Sotik kuninunulia mwenzangu?"

"Si kununua, Kogo. Kuazima. Saa moja tu, halafu anarudi kwake."

"Baba anaazimwa? Kama jembe?"

"Ni ya karatasi tu. Anaweka sahihi, anakula, anaenda."

"Na mimi hiyo saa moja nitakuwa nani? Jirani? Mama wa kuosha vikombe?"

"Kogo, si ulisikia pasta mwenyewe? Alisema Kigiriki imekukataa."

"Hiyo Kigiriki ilinijulia wapi?"

Kipkirui akachuna chai kwa hasira. Alikamata majani manne na kijiti chake, akavunja, akarusha kwa kikapu mgongoni. Kogo Chepchirchir alikuwa mstari wa pili, amempa mgongo, lakini alisikia.

"Hiyo ni ngumu," akasema bila kugeuka. "Toa."

Mama huyo alikuwa amechuna chai miaka thelathini. Jani laini likivunjika linalia hivi, jani gumu linalia vile, na yeye masikio yake hayakosei. Kipkirui akaingiza mkono kikapuni, akatoa lile jani, akalitupa. Hata kugombana vizuri na huyu mzee hakuwezekani.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kushangaa mama mzee kugombania ubaba, lakini kule Bomet hakuna wa kushangaa. Kogo aliolewa akiwa msichana, akakaa na bwana miaka mingi bila mtoto, na bwana akafa. Nyumba isiyo na mtoto inazimika kama jiko. Basi Kogo akafanya vile mila inaruhusu: alitoa ng'ombe zake mwenyewe, akaenda kwa watu, akaposa msichana anaitwa Edinah. Wazee wakakaa, pombe ikanywewa, wakafungana nyasi mkononi, na kutoka siku hiyo Chepchirchir akahesabiwa mwanamume. Alikuwa mume wa Edinah. Edinah alipozaa, alimzalia Kogo. Yule aliyesaidia kupatikana kwa mtoto hatajwi, na akipita njiani anasalimia kama mpita njia mwingine.

Mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo alikuwa Kipkirui. Nyumbani alimwita Kogo, yaani nyanya, kama vile wote walimwita, lakini ng'ombe ya tohara yake ni Kogo alitoa, na kiboko ya kwanza ni Kogo alimpiga. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tatu. Shule aliiacha kidato cha pili, siku mwalimu wa hesabu alimwambia atafute x, na yeye akamwambia aliyeipoteza ndiye aitafute. Tangu hapo alikuwa akichuna chai asubuhi na kutengeneza baiskeli jioni hapo senta, na miguu yake haikujua kukaa mahali pamoja.

Kitu kimoja tu ndicho kilimkalisha. Nyathira, binti ya Mzee Kinuthia wa hadwea.

Nyathira alikuja kurekebishiwa breki, akarudi kurekebishiwa breki ile ile mara nne, na mara ya tano Kipkirui akashtuka kwamba breki haikuwa na shida. Mzee Kinuthia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka upande wa Nyeri zamani, akafungua duka la misumari na mabati, na ule mwaka wa tisini na mbili, shida ya makabila ilipoingia, alifunga miezi minane halafu akarudi. Aliporudi hakumlaumu mtu. Ila kutoka hapo alipenda karatasi.

"Sina neno na kabila," alimwambia Kipkirui, akipima misumari kwa mizani. "Mimi nataka harusi ya kanisa, cheti iko na muhuri, na baba anasimama mbele ya watu anasema, huyu ni wangu, akikosa nitafute mimi. Bila hiyo, kijana, utarekebisha baiskeli mpaka uzeeke."

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Fomu ya kanisa ilikwama kwa mstari mmoja tu: Sahihi ya Baba. Na hapo ndipo Pasta Kipkemboi aliingiza Kigiriki.

Pasta Kipkemboi alikuwa mtu mzuri kabisa mpaka walipompeleka koleji wiki nane. Alirudi na rundo la karatasi zimepigwa stensili, bado zinanuka wino, na maandishi ndani yake yalikuwa kama kuku amekimbia kwa matope. Kutoka siku hiyo hakuna kitu kilipita bila Kigiriki. Watu wakiomba mvua, anawaambia mvua kwa Kigiriki. Jumapili ya kwanza alifundisha kwamba Wagiriki wana maneno manne ya upendo, akayataja yote, jasho likimtoka.

Kogo alikuwa kwenye benchi yake ya nyuma. "Wao nne," akasema, na kanisa lote likasikia. "Sisi hapa moja tu na inatushinda."

Hiyo benchi ya nyuma ilikuwa yake miaka ishirini. Aliimba, alifagia, alileta maziwa ya wageni, lakini siku ya meza ya Bwana mkate ulimpita kama gari ya serikali inavyopita mtu anayesimamisha. Pasta wa zamani alisema mama aliyeoa mama hana mahali kwa kitabu cha washirika, na hakuna aliyeuliza tena. Jina lake lilikaa pembeni kwa penseli.

Kipkirui alipopeleka fomu, Pasta Kipkemboi alimkalisha chini.

"Baba yako ni nani?"

"Kogo. Si unajua."

"Haiwezekani. Baba ni msimamizi wa nyumba. Msimamizi kwa Kigiriki ni *episkopos*. Na Paulo anamwambia Timotheo, *episkopos* awe mume wa mke mmoja."

"Si ndiyo hiyo? Ako na mke mmoja. Mama yangu."

Pasta akapekua stensili. Alipata mahali. Akaweka kidole.

"*Andra*," akasema. "Hapa imeandikwa *andra*. Hiyo ni mwanamume, Kipkirui. Mwanamume wa ndevu."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Leta mwanamume."

Mtu mwingine angeenda kulia kwa mama yake. Kipkirui hakuwa wa kulia. Alichukua baiskeli ya mteja, akateremka mpaka Sotik siku ya mnada wa ng'ombe, akasimama kwa uzio akiangalia wazee kama mtu anayechagua dume. Huyu mfupi sana. Huyu macho mekundu. Halafu akamwona Kiptum, mchuuzi wa ngozi, mrefu, tumbo la heshima, koti nzito, kofia ya manyoya, sauti inatoka chini kabisa ya kifua. Kipkirui akajiambia: hiyo, hiyo ndiyo baba.

Walikubaliana jogoo mmoja na kiti cha mbele siku ya harusi. Kipkirui alimuuliza kila kitu. Kama suti anayo. Kama anajua kuandika jina lake. Kama anakunywa, na kama anakunywa, anaanza saa ngapi. Akamfundisha: "Ukiulizwa, sema ndiyo. Usiongeze kitu." Alirudi akipiga mluzi. Kulikuwa na swali moja tu hakuuliza, na hakujua hajauliza.

Hiyo ndiyo habari Kogo aliipata Alhamisi asubuhi, kwa sababu Edinah alikuwa ameisikia kisimani, na kisimani hakuna siri inayolala.

"Mama, mwambie," Kipkirui akalia sasa, akimgeukia Edinah aliyekuwa mstari wa tatu. "Mwambie ni ya saa moja tu."

Edinah hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mimi niliolewa na huyu," akasema. "Huyo wa Sotik simjui. Nikiulizwa nitasema simjui."

"Wote mnataka kuniharibia!"

"Chuna chai," Kogo akasema. "Lori inakuja saa kumi."

---

Mkutano wa kumtambulisha baba ulikuwa ufanyike kanisani mchana huo, lakini mvua ya mawe ya wiki iliyopita ilikuwa imetoboa mabati mpaka ndani kulikaa kama chujio. Kwa hivyo Pasta akauita kwa baying, kile kibanda cha kuuzia majani, kwa sababu kilikuwa na paa na meza. Meza yenyewe ndiyo ile ndefu ambapo kila mkulima anamwaga kikapu chake chote, karani anapekua, anatupa majani magumu, halafu ndiyo anapima. Upande mmoja Pasta aliweka Biblia na stensili zake. Upande wa pili watu waliendelea kumwaga chai, maana karani alisema lori haijui Timotheo.

Pasta alikaa na wazee wawili wa kanisa. Mzee Kinuthia alikuja na miwani na kalamu yake mwenyewe. Nyathira alikuja nyuma ya baba yake, leso kichwani, na alipomtazama Kipkirui, Kipkirui akafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa.

Kiptum alifika kwa wakati. Lazima tumsifu. Koti lilikuwa limepigwa pasi, kofia ipo, na alikuwa ameongeza fimbo. Hata mlolongo wa wakulima ulisogea kumpisha, wakidhani ni mtu wa serikali. Mzee Kinuthia alisimama kumsalimia kwa mikono miwili. Kipkirui akaona kazi imekwisha.

"Mzee," Pasta akaanza, "wewe ndiye baba wa huyu kijana?"

"Ndiyo."

"Baba kamili?"

"Ndiyo."

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Ndiyo," akasema Kiptum, kwa ile sauti ya kifuani.

Kinuthia akapandisha miwani. Kipkirui akakohoa. Mtu kwenye mlolongo akasema, "Huo mwaka naukumbuka, ulikuwa na njaa," watu wakacheka, na Pasta akapiga meza wanyamaze.

"Tuendelee. Mzee, imeandikwa msimamizi wa nyumba awe mume wa mke mmoja. Wewe ni mume wa mke mmoja?"

Hapo Kiptum angesema ndiyo, mambo yangeisha. Lakini mtu ana mahali pake pa ukweli, na mahali pa Kiptum palikuwa ni kwa wake. Aliondoa kofia. Alifikiri.

"Unauliza ya Sotik ama ya Soin?"

Hata karani aliacha kupekua.

"Mzee, nauliza popote!"

"Sotik ni mmoja," Kiptum akasema polepole, akitaka kueleweka. "Soin ni mmoja. Kila mahali mmoja tu, Pasta. Mimi sichanganyi."

Wakulima walianguka kwa kicheko. Mmoja alikaa juu ya kikapu chake mwenyewe, na chai ya kukaliwa haikubaliwi, lakini hakujali. Mzee wa kanisa wa kushoto alifunika uso kwa Biblia na mabega yalikuwa yakiruka. Kiptum aliwaangalia wote bila hasira, kama mtu aliyesema ukweli akachekewa, akarudisha kofia kichwani.

Mzee Kinuthia hakucheka. "Kipkirui," akasema. "Huyu ni nani?"

Kipkirui aliangalia viatu vyake.

"Nimekuuliza, kijana. Huyu mwenye wake wa huku na huku ni nani kwako?"

"Ni... ni wa ngozi."

"Wa ngozi?"

"Ananunua ngozi. Ya ng'ombe. Sotik."

"Haiya!" Kinuthia akafunga kalamu yake, tak. "Mimi naomba baba, naletewa mchuuzi. Nyathira, twende nyumbani."

Nyathira hakusonga. Na hapo, upande ule mwingine wa meza, kikamwagwa kikapu. Chai ya kijani ilitelezea mpaka ikagusa stensili za Pasta. Ilikuwa zamu ya Kogo. Alikuwa amesimama kwenye mlolongo tangu mwanzo, amejifunga shuka kiunoni, na Edinah nyuma yake na kikapu cha pili. Hakuna aliyewatazama kwa sababu wote walikuwa wakitazama koti la Kiptum.

"Karani, angalia," Kogo akasema. "Na wewe Pasta, angalia pia."

"Kogo, hapa tuko kwa mkutano."

"Mimi pia niko kwa mkutano. Nakuuliza. Hapa mezani, karani anachukua jani moja akiliona laini anasema kikapu chote ni kizuri?"

"Hapana," karani akajibu, bila kuulizwa. "Ni kumwaga yote."

"Ni kumwaga yote. Sasa wewe, Pasta, mwezi mzima unatuonyesha jani moja la Paulo. Mke mmoja, mke mmoja. Hiyo barua ilikuwa na mstari mmoja tu? Mwaga yote tuone."

Pasta akajaribu kueleza kwamba kwa Kigiriki neno la kwanza ndilo linabeba, lakini mlolongo ukaanza, "Mwaga! Mwaga!" na lori haikuwa imefika, watu hawakuwa na kazi nyingine. Basi akafungua. Akasoma polepole, akieleza moja moja kama kawaida yake.

"Asiwe mtu wa pombe."

Mzee wa kanisa wa kulia, ambaye Jumamosi aliletwa nyumbani kwa mkokoteni, alianza kutafuta kitu chini ya meza.

"Asiwe mpiga watu."

Yule wa kushoto akaacha kucheka. Bibi yake alikuwa kwenye mlolongo, na alikuwa amekohoa.

"Asiwe mwenye kupenda pesa."

Mzee Kinuthia alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa shati, akaipangusa sana.

"Asiwe mtu wa... wa kubishana." Hapo Pasta mwenyewe sauti ilipungua. Wiki mbili alikuwa amebishana na wazee, na waimbaji, na fundi wa mabati, kila mmoja kwa Kigiriki.

"Soma kwa nguvu, hatusikii huku!" mtu akaita.

"Awe mkaribishaji wageni."

"Maziwa ya mkutano huu yametoka kwa nani?" Edinah akauliza. Watu wakageuka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wengi kusikia sauti yake. "Nauliza tu. Kikombe unachokunywa, Pasta, kimetoka kwa boma gani?"

Pasta aliweka kikombe chini. "Kwenu," akasema.

"Na ndevu?" Kogo akauliza. "Ulimwambia kijana wangu Kigiriki inataka ndevu. Ndevu ziko hapa." Akainua kidevu. Zilikuwa tatu, nyeupe, ndefu, na alizitunza. "Hesabu. Halafu utuonyeshe zako."

Pasta Kipkemboi, mtu wa miaka thelathini na moja, alijishika kidevu ambacho kilikuwa laini kama yai, na safari hii hata wazee wake wawili walimcheka.

"Kogo, mimi sijakataa roho yako," akasema, na sasa alikuwa akiongea kama zamani, kabla ya koleji. "Mimi nataka tu kusoma vizuri. Nilikuwa nikisoma miaka sita bila kujua nasoma nini. Sasa nikapewa hizi karatasi, nikaona, kumbe kuna mlango. Unajua mtu akipewa ufunguo anafungua kila kitu."

"Hata kabati ya jirani," Kogo akasema, lakini kwa upole. "Imebaki ipi?"

Pasta aliangalia kitabu. Aliona mstari uliobaki, akasita, akamwangalia Kipkirui.

"Awe anasimamia nyumba yake vizuri. Na watoto wake wanamtii, wanamheshimu."

Hata yule wa juu ya kikapu alisimama. Wote walitazama Kipkirui, halafu koti la Kiptum, halafu Kipkirui tena, na hesabu hiyo haikuhitaji x.

"Hapo," Kogo akasema, "nimeanguka. Leo asubuhi." Akaanza kukusanya majani yake pamoja kwa mikono, yale karani aliyokubali. "Karani, pima. Jani moja gumu liko ndani, nalijua. Ni langu."

Kipkirui alihisi masikio yanawaka moto. Angetukanwa angejua kujibu, matusi alikuwa nayo ya kutosha. Hili halikuwa tusi.

"Mzee Kinuthia," Pasta akasema, "mimi nadhani harusi tuisogeze mbele kidogo, mpaka..."

"Mimi niseme kitu," Kinuthia akamkata. Alikuwa amevaa miwani tena. "Mwaka ule wa shida, wanaume wa hapa wengi sikuwaona. Sijui walikuwa wapi, na sijauliza. Huyu nilimwona. Alikaa kwa mlango wa duka langu siku mbili na panga kwa magoti, akinusa ugoro, akiwaambia vijana, pita, pita. Kama hiyo si baba, mimi sijui Kigiriki inatafuta nini." Akageukia Kipkirui. "Lakini mimi siwezi kumpa mtoto wangu kwa mtu anayeficha watu wake. Leo amemficha huyu. Kesho wageni wake wakija, atamficha nani?"

"Sema basi," Nyathira akasema. Alikuwa amekunja mikono. "Ama hata mimi siku moja utaenda Sotik kuniazimia mwenzangu?"

Kipkirui alivua kofia. Alizunguka meza, akapita koti la Kiptum, akapita wazee, akasimama upande wa chai. Mlolongo wote ulikuwa ukimwangalia: watu aliosoma nao, watu aliowatengenezea baiskeli, wale waliomwita shuleni mtoto wa mama wawili mpaka akawapiga mmoja baada ya mwingine. Alitaka kukimbia. Miguu yake yote miwili ilikuwa tayari.

"Baba yangu ni huyu," akasema. Haikutoka vizuri. Akarudia kwa nguvu, mpaka barabarani wakasikia. "Baba yangu ni huyu! Chepchirchir. Alinilipia shule nikaiacha mwenyewe, si yeye. Huyo wa koti nimeazima, kosa ni langu, jogoo wake atapata. Mwenye kucheka acheke sasa, kwa sababu nikitoka hapa sitacheka na mtu."

Hakuna aliyecheka. Kiptum peke yake alitingisha kichwa na kusema, "Sawasawa," kwa sauti ile ya chini, kama baba kabisa.

Kipkirui akachukua fomu kutoka mbele ya Pasta, akaiweka juu ya chai, mbele ya Kogo. "Baba," akasema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Weka sahihi."

Kogo alimwangalia kama anavyoangalia kichaka kilichokatwa, kama kitaota ama hakitaota.

"Mimi sijui kuandika."

"Dole gumba litatosha," Pasta akasema mbio. Alikuwa ameshasukuma stensili zake pembeni. "Karani, una wino?"

Karani alileta kile kibati cha wino. Kogo akatazama dole lake. Lilikuwa jeusi tayari, jeusi la utomvu wa chai, lile halitoki hata kwa majivu. Akalisugua kwenye jani bichi, akalikandamiza kwa karatasi, na alama ikatoka safi, mistari yote. Kibati hakikufunguliwa. Mzee Kinuthia aliinama akaipuliza ikauke, halafu akaichunguza kwa miwani kama anavyochunguza noti.

"Iko," akasema. "Lakini mahali pa mama?"

Edinah akachukua kalamu ya Kinuthia. Alikuwa ameenda darasa la gumbaru, la watu wazima, msimu mmoja. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, ulimi nje, na akamalizia na mstari chini.

Mlimani, lori ikapiga honi. Watu wakaanza kusukumana, karani akaita namba, na mkutano ukaisha vile vitu vinavyoisha baying, kwa kelele na mizani. Kiptum alimuuliza Kipkirui kwa siri kama kile kiti cha mbele bado ni chake.

"Utakaa na wageni," Kogo akamjibu, ambaye masikio yake tunayajua. "Na ulete wake wote wawili. Wajuane."

Kiptum akawa mtu mfupi ghafla.

Kogo akaweka kikapu tupu kichwani. Pasta Kipkemboi alimkimbilia, Biblia kwapani, akirukia matope.

"Kogo! Kogo, ngoja. Jumapili ni meza ya Bwana. Nataka uje mbele. Na pia..." Akaangalia nyuma, akapunguza sauti. "Kamati ya wazee ina nafasi moja wazi. Umesikia mwenyewe hali ya hawa wawili. Nilikuwa nafikiri."

"Na hiyo *andra*?"

"Nitaisoma tena."

"Isome kwanza," Kogo akasema. "Isome yote. Mimi Jumapili nitakuja, na nitakaa mbele, na mke wangu atakaa kando yangu, na mkate ukitupita nitausimamisha."

"Utakuwa mzee wa kanisa, Kogo?"

"Kubishana sipendi," akasema. "Na nimeacha mistari mitano juu haijachunwa." Akamwonyesha Kipkirui kidole kile cheusi. "Wewe kijana. Kesho unaanza na ile ngumu."

Akageuka, akashika njia ya kupanda, Edinah kando yake, akaenda.